Jina la Papa mu Wimbo

Papa, baba yangu, alikuwa anawaonea wivu matajiri wa Kinshasa, na si juu ya nyumba zao wala magari yao. Alikuwa anawaonea wivu juu ya mabanga. Asiyekulia kwetu pengine hajui: mwanamuziki wa kule, akiwa katikati ya wimbo wa mapenzi, anakatiza machozi yake na kutaja jina la mtu, papa fulani wa maduka, mama fulani anayeishi Ulaya. Kwa Kilingala wanasema amemtupia jiwe, libanga. Ukishatupiwa libanga, jina lako linachezwa kwenye harusi za watu ambao hawajawahi kukuona. Papa alisikiliza nyimbo hizo kwenye redio yake ndogo ya kutumia kadi ya memori, mikono imezama kwenye maziwa mpaka viwiko, na kila jina lilipotajwa alisonya.

"Huyu naye alifanyaka nini?" aliuliza. "Anajua kutengeneza fromaji? Anaamukaka saa kumi na moja?"

Sisi tuliamka saa kumi na moja. Kibanda chetu cha fromaji, jibini ya kwetu, kilikuwa juu ya kilima, upande wa Masisi unaotazama Kalembe, mbao na bati tu, na ng'ombe wa jirani wakichungulia mlangoni. Maziwa yanapashwa moto kwenye sufuria kubwa, yanatiwa dawa ya kugandisha, yanakatwa kwa kisu kirefu, yanakamuliwa, halafu yanakandamizwa kwa mawe. Baada ya hapo kazi inayobaki ni kugeuza. Fromaji isipogeuzwa kila siku inaoza upande mmoja. Basi nilikuwa nageuza, ubao baada ya ubao, na kwa kuwa kichwa hakina kazi wakati mikono inageuza, nikawa natunga rap.

Rap yangu haikuwa ya mapenzi. Nina hasira za karibu, nakubali, na pale kwetu hasira haikosi chakula. Nilitunga juu ya vitu tulivyoviona: barieri tatu za kufunga njia kati ya shamba letu na soko, kila barieri na watu wake wa bunduki, na kila watu wa bunduki na jetoni yao, kikaratasi chenye mhuri kinachoonyesha kwamba umelipa mwezi huu ili uruhusiwe kukanyaga udongo wa babu yako. Ukikutwa huna, unalala ndani ya shimo. Nilitunga juu ya waheshimiwa wanaotuletea fulana wakati wa kura na hawaonekani tena mpaka fulana zimekuwa matambara ya kupangusia sufuria. Redio ya pale ilikuwa inasoma matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea, mengine inanyamaza, na siilaumu, kwa sababu msomaji wa matangazo naye anapita barieri akirudi nyumbani.

Tulikuwa wawili katika kazi hiyo. Rafiki yangu alitoka kwenye familia ya wafanyabiashara wa upande wa Butembo waliohamia Masisi mjini, Wakatoliki wa kusali rozari kabla ya kufungua duka. Nyuma ya duka la wazazi wake palikuwa na depo, ghala ya chumvi na sabuni, na ndani ya depo alikuwa na ordinatere moja, yaani kompyuta, pano ya kuvuta umeme wa jua juu ya bati, na kipaza sauti alichokivalisha soksi. Studio yetu njo hiyo. Tulirekodi kati ya saa saba na saa tisa mchana, kwa sababu wakati huo betri imejaa na watu wako mashambani. Mvua ikipiga bati tunaacha. Mbuzi akilia tunarudia. Nyimbo zetu mbili tatu zina mbuzi ndani mpaka leo, tulichoka kurudia.

Hatukuwa na jina la kundi, hatukupiga picha, hatukuweka kitu kwenye mtandao. Wimbo ukiisha, rafiki yangu anauchanganya na nyimbo nyingine kwenye kadi za memori ambazo watu wanakuja kujaziwa dukani, katikati ya za kanisa na za Kinshasa, na kazi inayobaki wanaifanya motari, watu wa pikipiki za abiria. Motari wa kwetu hapandi kilima bila muziki. Bafle yake ya sauti imefungwa chini ya usukani, na abiria anasikiliza apende asipende. Kwa njia hiyo watu walitusikia kutoka Masisi mpaka Walikale bila kujua tunalala wapi. Rafiki yangu alikuwa na sheria moja tu: hakuna jina ndani ya wimbo. Si la mtu, si la kijiji, si la mlima.

"Siku utataja jina," aliniambia, "batafuata hiyo jina mpaka kwa mulango."

Papa alijua. Huwezi kumficha mtu unayegeuza naye fromaji. Alikuwa ameimbisha kwaya ya kanisa kwa miaka mingi, na kwake mtu wa rap ni mtu anayegombana na hewa. Mwanzoni alinikataza, kisha akachoka kunikataza, kisha nikaanza kuona kwamba nikinung'unika mistari yangu pale kwenye mbao, yeye anapunguza redio. Nami sikumwuliza.

Halafu tukatoa wimbo wa jetoni. Ulikuwa hivi, sehemu yake:

Nilienda mu shamba, nikalipa. Nilirudi, nikalipa.
Maharagi haiyaota, jetoni iko nadai.
Mama alibeba kuni, bakahesabu mpaka mugongo.
Kesho batalipisha kivuli, na jua njo yetu.

Huo ulikimbia kuliko zote. Niliusikia ukipita barabarani juu ya pikipiki tatu kwa siku moja, na wamama wanaotoka kuvuna maharagi waliuimba huku wanapepeta. Papa aliusikia kwenye kadi yake, amesimama, ameshika kisu cha kukatia maziwa. Ulipoisha alibaki vile vile akingojea, kama wimbo una kitu umekisahau.

"Na jina yangu?" akauliza.

"Papa, hii si wimbo ya kutupa mabanga. Hii ni wimbo ya kutuua."

"Bale ba Kinshasa banatajaka mpaka muntu mwenye aliuzisha pombe. Miye nilizala mwanamuziki. Mu nyimbo yake yote, jina yangu hakuna."

Alisema akicheka, ila hakuwa anacheka. Na hakuacha. Siku ya soko alirudia, tukichoma magugu alirudia, mgeni akija alinitambulisha kwa macho na kuguna. Mimi nilimjibu vibaya, kama kawaida yangu, halafu siku moja nikafikiri. Jina la Papa lilikuwa limeandikwa mahali pawili duniani: ndani ya kitabu cha ubatizo na juu ya jetoni. Kila mwezi mtu wa bunduki analisoma kwa sauti, analikosea, anapiga mhuri. Hakuna mwingine aliyewahi kulitamka akimsifu. Nikamhurumia, na huruma ile ikanipa ukaidi.

Rafiki yangu alikataa kurekodi jina. Nikagombana naye ndani ya depo mpaka mama yake akagonga ukuta. Nilimwambia ni kopi moja, ya baba yangu, ya redio ya baba yangu, na kama hawezi kumfanyia mzee kitu kidogo vile basi rozari zao ni za bure. Lilikuwa neno baya. Aliwasha ordinatere bila kuniangalia.

"Kopi moja," alisema. "Iingie mu redio ya muzee na isitoke."

Mstari wa mwisho ukiisha, mdundo unabaki peke yake. Hapo ndipo nilipolitaja jina la Papa, lote, na la baba yake, kisha nikasema: fundi wa fromaji, muntu mwenye hakulala, nyama ya kilima chetu. Kwetu kumwita mtu nyama, yaani mnyama wa pori, ni kumpandisha; maana yake hashikiki.

Nilimwekea kadi asubuhi iliyofuata. Jina lake lilipotoka kwenye redio, Papa alitoa mikono ndani ya maziwa, akanawa, akaipangusa, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Irudishe," alisema. Nikarudisha. Akasikiliza mara nne, ananyoosha kidole sehemu ya jina inapokaribia, kama anavyofanya kwa waimbaji wa sauti ya tatu wakati zamu yao inakuja. Hakunishukuru. Maziwa ya siku ile yalizidi moto na fromaji ikatoka ngumu, naye hakugomba. Nilifurahi, nasema ukweli. Sijafurahi vile tena.

Yeye hakuona hatari, na namwelewa. Libanga ni kitu cha kusikiwa. Majuma matatu baadaye, tukiwa tunakula, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba motari anayebeba fromaji zetu kuziteremsha soko la Sake amelisikia jina lake kwenye redio na amekataa kuamini masikio, kwa hiyo yeye Papa alichomoa kadi kwa mkono wake mwenyewe akampa, na motari akakopi kwenye simu. Alikuwa anakata fufu na kutabasamu.

Nikaacha kula. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Nilimwambia ametuuza, nilimwambia ni mtu wa kupenda sifa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sasa jina yenye haisikiwe na bantu," akasema, "iko na faida gani?"

Kesho yake alfajiri nilimfuata motari. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, asiye na ubaya. Alifuta wimbo mbele yangu. Lakini alikuwa ameshawapa wenzake wawili kwenye parkingi ya Masisi, na hao wenzake walikuwa wameshapanda na kushuka vilima vyote. Nilirudi nyumbani nikageuza fromaji. Ningefanya nini kingine? Siku zikapita, nikaanza kujidanganya kwamba wimbo umepita bila kusikilizwa mpaka mwisho, kwa sababu watu wengi hukata wimbo kabla haujaisha.

Walikuja mchana, saa za studio. Mimi nilikuwa ndani ya depo na soksi mbele ya mdomo. Motari ndiye aliyefika kuniambia, na alizima pikipiki mbali akaja kwa miguu.

Komanda wa barieri ya chini alikuwa na wimbo wetu kwenye simu yake. Mdundo ulimpendeza, alikuwa ananawa uso nao asubuhi, mpaka siku alipouacha ufike mwisho na kusikia jina la mzee ambaye fromaji yake anaila kila juma. Wakapanda kilima watano. Motari alikuwa pale anafunga mzigo. Wakamwuliza Papa ni nani anayeimba.

"Alisema, ni miye," motari akaniambia. "Bakacheka. Muzee wa buti za maziwa, na tabliye yake yenye alifunga mu kiuno. Komanda akamuambia: basi, imba."

"Halafu?"

"Aliimba. Yote. Toka mwanzo. Hakuruka neno hata moja."

Sikujua kwamba anaujua. Mimi nilimpigia mara nne tu. Hizo nyingine zote alizisikiliza peke yake, mimi nikiwa mjini naita utungaji kazi. Motari alisema aliimba kwa sauti ya kanisani, akivuta mwisho wa kila mstari, na kwamba katikati wale watu waliacha kucheka kidogo, halafu wakaanza upya. Wakamwambia abebe fromaji mbili za komanda, wakaondoka naye. Alipompita motari alimwangalia, kisha akaangalia barabara ya Sake.

"Nilielewa," motari alisema. "Panda."

Nikapanda. Tulipita njia ya juu, ya ng'ombe, na sikuuliza swali lolote mpaka tukaona ziwa. Rafiki yangu alishusha pano siku ile ile, akarudi kwa ndugu zake Butembo. Hatujaongea tena, na sijui kama bado ananidai lile neno la rozari.

Dada yangu ameolewa Bweremana, anauza sambaza, visamaki vya ziwa, pale wanapoteremshia samaki. Nilijificha kwake, nikawa namwanikia, namfukuzia kuku, nampimia wateja. Habari zilitufikia kwa motari. Wazee wa kwaya walishuka na mbuzi kumwombea Papa, mbuzi akapokelewa, Papa hakutolewa. Hawakumfunga. Walimpa kazi ya kuinua na kushusha mti wa barieri, na ya kuimba. Mtu akifika kulipa jetoni, kwanza mzee anamwimbia wimbo wa jetoni, watu wanacheka, wa bunduki na wasio na bunduki, kisha mtu analipa na kupita. Komanda alikuwa amegundua kwamba aliyecheka halipi kwa kununa.

Mimi niliandika maneno yale ili yawachome. Nilijiona mtu mkubwa ndani ya depo ya sabuni. Wao wakayafanya muziki wa kazi.

Halafu nikamsikia mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, soko limejaa, kijana mmoja anayengojea mtumbwi alikuwa amekaa karibu na meza yetu na simu imefunguliwa sauti. Nilitambua neno la kwanza, kisha nikatambua kifua kilichokuwa kinalisukuma. Nyuma yake watu walikuwa wanacheka na mbwa anabweka. Papa aliimba polepole. Kwenye ubeti wa pili, pale ambapo nilikuwa nimejaza maneno mengi mpaka mimi mwenyewe nilikuwa nakosa pumzi, aliondoa mawili akaweka nafasi ya kupumua, na ubeti ukasimama vizuri kuliko nilivyoutunga. Mwisho, mahali pa libanga, alitaja jina la komanda na vyeo vyake vyote, halafu wale vijana wa bunduki mmoja mmoja. Lake hakulitaja.

"Huyu muzee anaweza," kijana akasema, akirudisha mwanzo.

"Ni mwenda wazimu," mwenzake akamjibu.

Dada aliendelea kupima. Machozi yalikuwa yanamtoka na kumfika kidevuni, naye anamwuliza mteja kama amwongezee kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha kupimia na sikukumbuka ni cha kazi gani.

Siku ile ile nilimwambia dada kwamba napanda Masisi kuwaambia ukweli. Wimbo ni wangu, sauti ni yangu, wamwachie mzee. Hakusema nenda, hakusema usiende. Aliingia ndani akaniletea begi la watoto wake la shule, nikatia shati na suruali. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, na mashemeji walisikia, na nilipenda kwamba wamesikia.

Asubuhi simu ikalia. Motari alikuwa kwenye barieri, amewabembeleza wale vijana, akampa Papa simu.

"Muko muzima?" Papa aliuliza.

"Tuko, Papa."

"Fromaji nani iko nageuza?"

"Hakuna muntu, Papa."

Nilisikia upepo wa kule juu na mtu anakohoa, kisha nikajua ni yeye anayekohoa.

"Papa, ninakuja leo. Nitabaambia ni miye."

"Usikuje." Alisema upesi na kwa sauti ya chini. "Niliisha kubaambia ni wimbo yangu. Ukikuja batajua nilibadanganya, na komanda hapendake kudanganywa. Batatumaliza wote mbili. Hapa niko nakula. Banapenda vile ninaimba." Akakohoa tena. "Mu ubeti ya pili maneno ilikuwa mingi. Nilitosha mbili."

"Niliisikia, Papa."

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri kupita yangu."

Hilo lilimpendeza, nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akasema tena nisije, na mtu akachukua simu.

Mvua zilipoanza alikuwa analala chini ya hema la plastiki kando ya mti wa barieri, na kikohozi kikashuka kifuani. Hakumaliza majira. Wazee wa kwaya walikwenda kumchukua wakambeba kwa machela mpaka juu kwetu, na nasikia walilipishwa kupita naye. Walimzika nyuma ya kibanda. Mimi sikwenda. Sijatunga mstari mwingine tangu pale, na bado naukuta ule wimbo kwenye simu za watu, wenye sauti yake, hakuna anayekumbuka kwamba uliwahi kuwa na sauti nyingine.

Kwa dada tulikaa matanga siku tatu. Mchungaji wa Bweremana alikuja kuomba, alikuwa ameelezwa habari za simu, na katika mahubiri akanionyesha kwa mkono. Alisema mimi ni mtoto mwenye baraka, kwa sababu neno la mwisho la baba yangu nililitii. Watu wakaitikia amina. Niliinamisha kichwa wakadhani nalia.

Papa alinikataza mambo mengi maishani. Alinikataza kuacha shule nikaacha, alinikataza kuishi na mwanamke bila kumwoa nikaishi naye, alinikataza rap. Kwa kila moja nilibishana naye siku nyingi, kwa sauti, mpaka majirani wakaingilia. Siku aliyonikataza kwenda kumtoa sikubishana. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa. Nilisema ndiyo Papa kabla hajamaliza neno, na simu ilipokatika nilisikia mabega yamelegea na mwili mzima umekuwa mwepesi, nikamwomba dada chai, nikainywa yote, nikaomba nyingine.